Makoloni ya Awali ya Waingereza Amerika Kaskazini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Uchumi na Jamii Zake

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wanafunzi na wapenzi wa historia huuliza kuhusu riziki na maisha katika makoloni ya Waingereza Amerika Kaskazini, tangu 1607 hadi katikati ya karne ya 18. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Makoloni yanayozungumziwa hapa ni yapi?

Ni yale yaliyokuwa kwenye pwani ya mashariki ya Marekani ya leo, kuanzia New Hampshire na Massachusetts upande wa kaskazini hadi Georgia upande wa kusini, ambayo hatimaye yalifikia 13. Wanahistoria huyagawa katika kanda nne: New England, yaani Massachusetts, New Hampshire, Connecticut na Rhode Island, makoloni ya kati, yaani New York, New Jersey, Pennsylvania na Delaware, eneo la ghuba ya Chesapeake, yaani Virginia na Maryland, na kusini zaidi, Carolina mbili pamoja na Georgia. Wakati huohuo Waingereza walishika visiwa vya Karibi, hasa Barbados tangu 1627 na Jamaica tangu 1655, na msomaji akiviacha visiwa hivyo nje ataelewa nusu tu ya habari hii, maana machoni pa wafanyabiashara wa London sukari ya Barbados ilikuwa na thamani kuliko makoloni kadhaa ya bara yakiwekwa pamoja.

Kwa nini watu wa taifa moja walijenga jamii zilizotofautiana kiasi hicho?

Jibu la vitabu vingi vya shule ni hali ya hewa na udongo, na jibu hilo si la uongo. New England ina mawe mengi na majira mafupi ya kulima, Chesapeake ina mito mipana inayopitika kwa meli, na pwani ya Carolina ina vinamasi na joto. Hata hivyo, ardhi hailimi yenyewe. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: nani alifanya kazi, na ni kitu gani kilimzuia asiondoke? Mahali ambapo ardhi ilipatikana kwa wingi, kwa kuwa ilinyang'anywa wenyeji wake, mtu huru hakuwa na sababu ya kumlimia mwenzake ilhali angeweza kupata shamba lake mwenyewe. Kila ukanda, kwa hiyo, ulitafuta namna yake ya kuwashika wafanyakazi. New England ilitegemea watoto waliozaliwa nyumbani, Chesapeake ilianza na mikataba ya miaka kadhaa kisha ikahamia kwenye utumwa, Carolina iliingia kwenye utumwa tangu mwanzo, na makoloni ya kati yalichanganya njia zote hizo. Tofauti nyingine nyingi, hata za dini na shule, huonekana wazi zaidi mtu akizitazama kuanzia hapo.

Virginia ilinusurika vipi baada ya mwanzo wake mbaya?

Jamestown ilianzishwa mwaka 1607 na Kampuni ya Virginia ya London, kampuni ya hisa iliyotarajia dhahabu na haikuipata. Katika majira ya baridi ya 1609 hadi 1610 walowezi wapatao 500 walipungua hadi kufikia kama 60, kwa njaa, maradhi na vita na watu wa Powhatan, wenyeji wa eneo hilo, ambao chakula chao ndicho kilichokuwa kimewaweka hai. Kilicholiokoa koloni, ingawa si watu wake, kilikuwa tumbaku. John Rolfe alipanda mbegu kutoka Karibi mnamo 1612, kwa kuwa tumbaku ya wenyeji wa Virginia ilikuwa kali mno kwa wavutaji wa Ulaya. Mwaka 1617 zilisafirishwa takriban ratili 20,000, na kufikia 1629 kiasi kilikuwa kimepita ratili milioni moja.

Tumbaku ni zao lenye adabu zake, na adabu hizo zikawa adabu za jamii nzima. Huchosha udongo baada ya miaka michache, hivyo mkulima alihitaji ardhi kubwa kuliko anayoweza kuilima kwa wakati mmoja, na vita na wenyeji havikuisha kwa sababu hiyo. Huhitaji mikono karibu mwaka mzima, kuanzia kuotesha miche, kuihamishia shambani na kuondoa viwavi, hadi kukausha majani na kuyashindilia katika mapipa. Meli kutoka Uingereza ziliweza kupanda mto hadi gati la mwenye shamba mkubwa, kwa hiyo hapakuwa na haja ya miji. Virginia ilikaa karibu karne nzima bila mji wa maana, watu wake wakiwa wametawanyika kando ya mito. Kodi zililipwa kwa tumbaku, na hata mshahara wa kasisi ulihesabiwa kwa ratili za tumbaku.

Kuanzia 1618 aliyemlipia mtu nauli ya kuja Virginia alipewa ekari 50 kwa kila kichwa. Tajiri aliyewaleta watu 20 alijipatia ekari 1,000 pamoja na nguvukazi ya kuzilima, na huo ndio mwanzo wa tabaka la wenye mashamba makubwa ambalo baadaye lilitawala baraza la kutunga sheria, lililokutana kwa mara ya kwanza mwaka 1619.

Vibarua wa mkataba walikuwa nani, na je, walikuwa watumwa?

Walikuwa hasa vijana maskini wa Uingereza ambao, kwa kukosa nauli, walitia saini mkataba wa kufanya kazi kwa miaka 4 hadi 7 bila mshahara, kwa kupewa chakula, mavazi na malazi. Inakadiriwa kwamba zaidi ya nusu ya Wazungu waliohamia makoloni yaliyo kusini mwa New England walikuja kwa njia hiyo. Bwana aliweza kumuuzia mwingine miaka iliyosalia ya mkataba, kumchapa kibarua, na kumwongezea muda mahakamani akitoroka au, kwa mwanamke, akipata mimba. Katika miongo ya mwanzo wengi walikufa kwa malaria na homa ya tumbo kabla ya mkataba kwisha.

Hata hivyo hawakuwa watumwa. Mkataba ulikuwa na mwisho, kibarua aliweza kumshtaki bwana wake, na mtoto wake hakurithi hali yake. Siku hizi wapo wanaodai mitandaoni kwamba vibarua hao walikuwa “watumwa weupe”, na dai hilo huanguka kwenye nukta hiyo ya mwisho, ambayo ndiyo nukta yenyewe.

Je, Waafrika waliofika 1619 walikuwa watumwa tangu siku ya kwanza?

Mwishoni mwa Agosti 1619 meli ya White Lion ilitia nanga Point Comfort, Virginia, ikiwa na Waafrika ishirini na kitu walioporwa kutoka meli ya Wareno iliyokuwa imetoka Luanda kwenda Mexico. Wengi wao yaelekea walitekwa katika vita vya Wareno dhidi ya ufalme wa Ndongo, katika Angola ya leo, na lugha yao ilikuwa Kimbundu, lugha ya Kibantu iliyo ndugu wa Kiswahili. Walibadilishwa kwa chakula. Sheria ya Virginia ilikuwa bado haina neno linaloeleza hali yao, na pengo hilo lilidumu kwa miongo kadhaa, jambo linalofanya kipindi hiki kistahili kusomwa polepole.

Mtu aliyeandikwa kwa jina la Antonio aliletwa mnamo 1621, akafanya kazi miaka mingi, akapata uhuru, akajulikana kama Anthony Johnson, na mwaka 1651 alikuwa na ekari 250 kwenye pwani ya mashariki ya Virginia. Yeye mwenyewe alimshikilia Mwafrika mwingine, John Casor, na mwaka 1655 mahakama ilimrudishia Casor awe wake. Lakini baada ya Johnson kufa mwaka 1670, wazee wa baraza la mahakama Virginia waliamua kwamba ardhi yake ingeweza kuchukuliwa kwa sababu alikuwa mtu mweusi, na kwa hiyo mgeni.

Kati ya mwanzo na mwisho wa maisha ya mtu huyo mmoja, mlango ulikuwa ukifungwa hatua kwa hatua. Mwaka 1640 vibarua watatu walitoroka pamoja hadi Maryland wakakamatwa. Wawili, Mholanzi na Mskoti, waliongezewa miaka minne, na wa tatu, John Punch, Mwafrika, aliamriwa kutumika maisha yake yote. Mwaka 1643 wanawake wa Kiafrika waliingizwa katika hesabu ya wanaolipiwa kodi ya kichwa kama wafanyakazi wa shambani, tofauti na wake wa Waingereza. Mwaka 1656 Elizabeth Key, ambaye mama yake alikuwa Mwafrika, alipata uhuru wake mahakamani kwa hoja kwamba baba yake alikuwa Mwingereza na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amebatizwa. Watunga sheria walijibu hoja zote mbili: sheria ya 1662 ilisema mtoto hufuata hali ya mama, na ile ya 1667 ikasema ubatizo haumweki mtumwa huru. Kwa sheria ya kwanza, bwana aliyezaa na mtumwa wake alikuwa akijiongezea mali. Mwaka 1705 Virginia ilikusanya sheria hizo zote katika mkusanyo mmoja wa sheria za utumwa.

Uasi wa Bacon ulibadilisha nini?

Mwaka 1676 Nathaniel Bacon, mwenye shamba kijana na tajiri, aliwaongoza walowezi wa mpakani waliotaka vita dhidi ya wenyeji ambavyo Gavana William Berkeley hakuviidhinisha. Uasi ukageuka kuwa dhidi ya gavana mwenyewe, Jamestown ikachomwa moto mwezi Septemba, na Bacon akafa kwa kuhara damu mwezi uliofuata. Miongoni mwa kundi la mwisho kuweka silaha chini walikuwamo Waafrika wapatao 80 na vibarua Waingereza wapatao 20, na picha hiyo ya maskini weusi na weupe wenye bunduki upande mmoja haikuwafurahisha wenye mashamba.

Wengine hueleza kwamba utumwa ulichukua nafasi ya mikataba kwa sababu ya hofu hiyo. Kwa maoni yetu hofu ilikuwa sababu mojawapo tu, na pengine si kubwa kuliko zote. Mishahara ilikuwa ikipanda Uingereza na vijana wa kusafiri wakapungua. Vifo Virginia vilipungua, hivyo kumnunua mtu kwa maisha yake yote kukawa na faida kuliko zamani. Na mwaka 1698 Kampuni ya Kifalme ya Afrika, kampuni ya Waingereza iliyouza watumwa, ilipoteza ukiritimba wake, meli za watumwa zikaongezeka. Kufikia 1750 takriban watu wawili kati ya watano wa Virginia walikuwa watumwa.

New England ilipata wapi fedha ikiwa haikuwa na zao la kuuza?

Waliofika Plymouth kwa Mayflower mwaka 1620 walikuwa abiria 102, na takriban nusu yao walikufa katika majira ya baridi ya kwanza. Wimbi kubwa lilikuja baada ya 1630, wakati koloni la Massachusetts Bay lilipoanzishwa chini ya John Winthrop, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1640 Wapuritani, yaani Waprotestanti waliotaka kulitakasa kanisa la Uingereza, na majirani zao wapatao 20,000 walikuwa wamevuka bahari. Walikuja kama familia, si kama vijana wa kiume peke yao, na baridi iliyowanyima mazao iliwapunguzia malaria. Waliishi muda mrefu, wakazaa sana, na wana wao wakawa ndio wafanyakazi. Walikaa vijijini kuzunguka kanisa, na kwa kuwa kila mtu alitakiwa kuisoma Biblia mwenyewe, sheria ya Massachusetts ya 1647 iliagiza mji wenye kaya 50 uwe na mwalimu. Aliyetofautiana nao kwa imani hakuvumiliwa: Roger Williams alifukuzwa akaanzisha Providence mwaka 1636, na Anne Hutchinson alifuata njia hiyohiyo baadaye kidogo.

Fedha zilitoka baharini. Chewa wa bahari za baridi walivuliwa kwa wingi, wakapasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa juani kama ng'onda wa pwani yetu. Wale wazuri waliuzwa Hispania na Ureno, ambako Wakatoliki walikuwa na siku nyingi za kutokula nyama. Wale wabovu, waliovunjika au kuharibika, walipelekwa Karibi kuwalisha watumwa. Mwaka 1647 Winthrop aliandikiwa barua kutoka Barbados kwamba watu wa huko walikuwa wamezama katika kupanda miwa kiasi kwamba walikuwa radhi kununua chakula kwa bei ghali kuliko kukilima. Tangu hapo New England ilipeleka visiwani samaki, farasi, mbao na mbao za mapipa, ikirudi na molasi, yaani masalio mazito ya utengenezaji wa sukari, ambayo iligeuzwa kuwa pombe ya ramu. Misonobari mirefu ikawa milingoti ya meli, na kufikia mkesha wa Mapinduzi ya Marekani karibu theluthi moja ya uwezo wa meli za biashara za Uingereza ilikuwa imeundwa Amerika.

Wasomaji wa Zanzibar na Mombasa wana sababu ya pekee ya kuujua mji wa Salem, Massachusetts, uliokua kwa biashara hiyo. Baada ya uhuru wa Marekani meli zake zilifika Unguja kutafuta pembe na sandarusi, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani kisiwani, Richard Waters, aliyefika 1837, alikuwa mtu wa Salem. Kitambaa walichokileta ndicho tunachokiita merikani mpaka leo.

Kwa hiyo New England haikuwa na utumwa?

Ilikuwa nao. Meli ya Desire ilileta Waafrika Massachusetts mwaka 1638, na sheria za koloni hilo za 1641 ziliutambua utumwa mapema kuliko sheria za Virginia. Mateka wa vita dhidi ya wenyeji, vile vya Pequot, vilivyokwisha 1638, na vya Metacom, vya 1675 na 1676, waliuzwa Karibi. Watumwa walikuwa wachache ukilinganisha na kusini, lakini hesabu ya vichwa haitoshi, kwa sababu samaki, farasi na mbao za New England zililipiwa kwa jasho la watumwa wa Barbados na Jamaica.

Je, ile “biashara ya pembetatu” ni kweli?

Kwa sehemu. Meli za Newport, Rhode Island, kweli zilibeba ramu hadi Afrika Magharibi, watu hadi Karibi, na molasi hadi nyumbani. Kati ya 1709 na 1807 safari zilizotoka koloni na baadaye jimbo hilo zilipita 900. Lakini meli nyingi za New England hazikuigusa Afrika kabisa, bali zilikwenda Karibi na kurudi. Mchoro wa pembetatu hukaa vizuri ubaoni kuliko ulivyokaa baharini.

Makoloni ya kati yalikuwa na nini cha pekee?

Yalikuwa na ngano, na yalikuwa na watu wa kila namna. New York ilikuwa ya Waholanzi kwa jina la New Netherland hadi Waingereza walipoiteka mwaka 1664. Pennsylvania ilitolewa mwaka 1681 kwa William Penn ili kufuta deni la pauni 16,000 ambalo mfalme alidaiwa na marehemu baba yake Penn. Penn alikuwa wa jumuiya ya Kikristo ya Marafiki (Quakers), ileile ambayo wamisionari wake wa Kimarekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na aliahidi uhuru wa ibada kwa wote waliomwamini Mungu. Wajerumani walianzisha Germantown mwaka 1683, na mwaka 1688 wanne kati ya wakazi wake waliandika pingamizi dhidi ya utumwa, ambalo vikao vya Marafiki vililiweka kando. Unga na mikate migumu ya mabaharia vilitoka Philadelphia kwenda, kwa mara nyingine, Karibi.

Utumwa ulikuwepo huko pia, hasa New York, ambako watumwa waliasi mwaka 1712. Katika miaka ya 1690 mfanyabiashara Frederick Philipse wa mji huo alituma meli hadi Madagascar, ambako mawakala wake walifanya biashara na maharamia wa kisiwa cha Sainte-Marie na kununua watu. Bahari ya Hindi haikuwa mbali na historia hii kama inavyodhaniwa.

Carolina ilitofautianaje na Virginia?

Virginia iliingia katika utumwa polepole, lakini Carolina ilizaliwa nao. Sehemu kubwa ya walowezi wa mwanzo wa Charles Town (Charleston ya leo), iliyoanzishwa mwaka 1670, walitoka Barbados, wakaja na watumwa pamoja na desturi za kuwatawala. Mwanzoni waliishi kwa ng'ombe, ngozi za kulungu na kuuza wenyeji waliotekwa. Kuanzia miaka ya 1690 ukaingia mpunga, na kufikia 1708 Waafrika walikuwa wengi kuliko Wazungu.

Kilimo cha mpunga kilihitaji ujuzi ambao Waingereza hawakuwa nao, na ambao watu wa pwani ya Afrika Magharibi walikuwa nao kwa karne nyingi. Wanahistoria hubishana kuhusu kiasi cha mchango huo, lakini kinu na mchi, ungo wa kupepetea, na kufukia mbegu kwa kisigino ni mambo ambayo mwanamke wa Senegambia angeyatambua mara moja. Kazi ilipimwa kwa fungu, kwa kawaida robo ekari kwa siku, na aliyemaliza fungu lake aliweza kulima bustani yake au kuvua. Wenye mashamba waliikimbia malaria kwa kukaa mjini, hivyo watumwa waliishi kwa wingi mbali na Wazungu, na hapo ndipo palipozaliwa Kigullah, lugha inayozungumzwa hadi leo visiwani mwa pwani hiyo.

Nafasi hiyo ndogo haikumaanisha upole. Mnamo Septemba 1739, karibu na mto Stono, watu kama 20, ambao yaelekea wengi wao walitoka Kongo, walitwaa silaha na kuanza safari ya kwenda Florida, ambako Wahispania waliahidi uhuru kwa watoro. Waliua zaidi ya Wazungu 20 kabla ya kuzidiwa, na sheria ya 1740 ikawakataza watumwa kukusanyika na kufundishwa kuandika.

Georgia, iliyoanzishwa 1733, ilipiga marufuku utumwa mwaka 1735 ili iwe nchi ya wakulima wadogo na ngome dhidi ya Wahispania. Walowezi walitazama mpunga wa jirani, wakalalamika, na kabla ya 1751 kwisha marufuku yalikuwa yameondolewa.

Wenyeji walikuwa na nafasi gani katika uchumi huu?

Walikuwa wauzaji wa ngozi na manyoya, walimu wa kilimo cha mahindi, askari wa kukodi, na mwishowe wanyang'anywa. Unyang'anyi haukuwa wa bunduki pekee. Mwaka 1737 wana wa William Penn waliwaonyesha Walenape, wenyeji wa huko Pennsylvania, karatasi iliyodai kwamba mababu zao waliuza ardhi kadiri ya mwendo wa mtu kwa siku moja na nusu; kisha wakakodi vijana watatu wenye mbio, wakawasafishia njia, na mmoja wao akafika zaidi ya maili 60.

Walitumia fedha gani?

Uingereza haikupenda sarafu zake ziende makoloni, hivyo watu walilipana kwa tumbaku, kwa shanga za makombe zilizotengenezwa na wenyeji, kwa ngozi, na kwa madeni yaliyoandikwa vitabuni. Massachusetts ilianza kupiga shilingi zake mwaka 1652 bila ruhusa, na kwa takriban miaka 30 zilizofuata nyingi kati ya shilingi zake ziliendelea kuandikwa mwaka huohuo wa 1652. Lakini sarafu ya fedha iliyoonekana zaidi mikononi mwa watu ilikuwa ya Kihispania, iliyoingia kutokana na samaki na mbao zilizouzwa Karibi. Ni ile reale ambayo wafanyabiashara wa Waswahili nao waliifahamu.